David Marr

David Marr (19 Januari 1945 – 17 Novemba 1980) alikuwa mwanahisabati na mwanasayansi wa ubongo kutoka nchini Uingereza. Anahesabiwa kati ya waanzilishi wa sayansi ya neva ya kihesabu, yaani elimu inayojaribu kueleza kazi za ubongo kwa njia ya hesabu na kompyuta.

Mwaka 1969, akiwa na umri wa miaka 24, alitoa nadharia ya namna serebelamu (ubongo mdogo ulioko nyuma ya kichwa, chini ya ubongo mkubwa) inavyojifunza miendo ya mwili. Kiini cha nadharia hiyo ni uchache wa ishara: kati ya seli nyingi mno za serebelamu, ni chache tu zinazotuma ishara kwa wakati mmoja. Marr alionyesha kwamba uchache huo si upungufu. Ndio unaowezesha ubongo kukumbuka mambo mengi bila kuyachanganya. Kanuni iliyo karibu na hiyo, ya kutoshughulika na kisichobeba habari, leo ni mojawapo ya njia za kupunguza gharama ya hesabu katika mitandao ya neva bandia inayotumika katika akili bandia (akili mnemba).

Marr alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 35, kabla ya baadhi ya mawazo yake kupimwa katika maabara. Kitabu chake kinachojulikana zaidi, kiitwacho Vision, kilichapishwa mwaka 1982, baada ya kifo chake.

Maisha ya awali na elimu

Marr alizaliwa Woodford, katika eneo la Essex, nchini Uingereza. Alisoma katika shule ya Rugby, kisha mwaka 1963 akajiunga na chuo cha Trinity katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Huko alisomea hisabati na kuhitimu mwaka 1966.

Badala ya kuendelea na hisabati tupu, aliamua kutumia elimu hiyo kuchunguza ubongo. Kwa ajili hiyo alilazimika kujifunza upya anatomia, fiziolojia na biokemia. Msimamizi wake katika masomo ya uzamivu alikuwa Giles Brindley, mtaalamu wa fiziolojia anayejulikana pia kwa majaribio ya mwaka 1968 ya kuwasaidia vipofu kuona kwa kusisimua ubongo wao kwa umeme. Brindley alikuwa amewahi kupendekeza kwamba serebelamu ni chombo cha kujifunzia. Marr alichukua pendekezo hilo na kuligeuza kuwa nadharia kamili yenye hesabu.

Swali lililokuwepo

Katika miaka ya 1960 umbo la serebelamu lilikuwa limeanza kujulikana vizuri kuliko sehemu nyingine nyingi za ubongo. Mwaka 1967 John Eccles, Masao Ito na János Szentágothai walichapisha kitabu kilichoeleza aina za seli zake na namna zinavyounganishwa. Ilifahamika pia kwamba mtu aliyeumia serebelamu hapoozi, ila miendo yake huharibika: hupepesuka anapotembea, maneno yake huburuzika, na hushindwa kugusa ncha ya pua yake kwa kidole bila kukosea.

Jambo lililokuwa gumu kueleza ni wingi wa seli. Ubongo wa binadamu una nyuroni (seli za neva) karibu bilioni 86, na takriban nne kati ya kila tano ziko katika serebelamu, ingawa serebelamu yenyewe ni ndogo. Karibu zote ni za aina moja, nazo huitwa seli za punje kwa sababu ya udogo wao. Kwa nini sehemu ndogo hivyo ihitaji seli nyingi hivyo?

Nadharia ya serebelamu

Marr alijibu swali hilo katika makala aliyoichapisha mwaka 1969 katika jarida la fiziolojia la Uingereza. Ili kuielewa, inafaa kufuata njia ya habari ndani ya serebelamu hatua kwa hatua.

Kwanza, habari kuhusu hali ya mwili na mazingira huingia kupitia nyuzi za neva. Nyuzi hizo huungana na seli za punje, na kila seli ya punje hupokea habari kutoka nyuzi chache tu, kwa wastani takriban nne.

Pili, kila seli ya punje hutoa uzi mwembamba unaopita juu pamoja na mamilioni ya nyuzi nyingine. Hizo huitwa nyuzi sambamba. Hupita katikati ya matawi ya seli kubwa ziitwazo seli za Purkinje, ambazo ndizo zinazotoa matokeo ya gamba la serebelamu. Seli moja ya Purkinje inaweza kuwa na viungo, yaani sinapsi, takriban 200,000 na nyuzi sambamba.

Tatu, kila seli ya Purkinje hupokea pia uzi mmoja wa pekee uitwao uzi mpandaji, unaojizungusha kwenye matawi yake kama mmea utambaao juu ya mti. Ishara ya uzi huo ni moja tu lakini ni yenye nguvu sana.

Kwa maelezo ya Marr, uzi mpandaji ni kama mwalimu. Mtoto anapojifunza kuandika, ubongo mkubwa huelekeza kila mwendo wa mkono kwa makusudi, na maagizo hayo hufika pia kwenye serebelamu kupitia nyuzi zipandazo. Wakati huohuo nyuzi sambamba huleta habari za hali iliyopo: mkono uko wapi, vidole vimekaaje, macho yanaona nini. Kila uzi mpandaji unapotoa ishara, sinapsi za nyuzi sambamba zilizo hai wakati huo hubadilika. Baada ya kurudia mara nyingi, hali yenyewe inatosha kuamsha mwendo unaofaa, na ubongo mkubwa unabaki huru kufikiria jambo jingine. Ndiyo sababu mtu mzima huandika bila kufikiria namna ya kuchora kila herufi.

Kwa nini ishara ziwe chache

Mfumo huo ungeshindwa kama kila hali ingeamsha seli nyingi. Sinapsi zilizobadilishwa kwa ajili ya hali moja zingekuwa zilezile zinazohitajika kwa hali nyingine, na kumbukumbu zingefutana. Hapo ndipo kazi ya seli za punje inapoonekana.

Hesabu rahisi inaweza kuonyesha jambo hilo. Tuchukue nyuzi 100 za kuingiza habari, na seli za punje ambazo kila moja imeunganishwa na nyuzi nne. Idadi ya namna mbalimbali za kuchagua nyuzi nne kati ya 100 ni 3,921,225. Basi, kutoka nyuzi 100 tu inawezekana kupata mamilioni ya seli zenye miunganiko tofauti.

Tuseme tena kwamba hali fulani huamsha nyuzi 40 kati ya hizo, na hali nyingine huamsha nyuzi 40 pia, huku 20 zikiwa za pamoja. Kwa upande wa nyuzi, hali hizo mbili zinafanana kwa nusu. Kama seli ya punje hutoa ishara pale tu nyuzi zake zote nne zinapokuwa hai, hali ya kwanza itaamsha michanganyiko 91,390. Kati ya hiyo, ile inayoamshwa na hali zote mbili ni 4,845 tu. Mfanano umeshuka kutoka asilimia 50 hadi kama asilimia 5. Hali zilizokaribia kuwa sawa zimetenganishwa, na kila moja inaweza kufunzwa peke yake.

Marr alieleza pia namna uchache unavyolindwa. Serebelamu ina seli nyingine ziitwazo seli za Golgi, ambazo huzuia seli za punje. Habari nyingi zinapoingia kwa pamoja, seli za Golgi huongeza kizuizi, hivyo idadi ya seli za punje zilizo hai haipandi kupita kiasi. Kwa kutumia makadirio hayo alipata kwamba seli moja ya Purkinje inaweza kujifunza hali tofauti zaidi ya 200.

Hivyo wingi wa seli za punje ulipata maelezo. Zinahitajika nyingi kwa sababu kila moja hutumika mara chache.

Nadharia nyingine mbili

Makala ya serebelamu ilifuatwa na nyingine mbili kubwa. Mwaka 1970 Marr alitoa nadharia ya gamba la ubongo mkubwa, akijaribu kueleza namna ubongo unavyoyapanga mambo katika makundi. Mwaka 1971 alitoa nadharia ya kumbukumbu iliyohusu hipokampasi, sehemu ya ubongo ambayo ikiharibika mtu hushindwa kuweka kumbukumbu mpya.

Katika nadharia hiyo ya tatu alipendekeza kwamba hipokampasi huhifadhi matukio kwa muda, kisha yale yanayofaa huhamishiwa kwenye gamba la ubongo. Alionyesha pia namna nyuroni zinazorudisha ishara kwa nyuroni wenzao zinavyoweza kukamilisha kumbukumbu kutokana na sehemu yake ndogo, kama mtu anavyokumbuka wimbo mzima baada ya kusikia sauti zake za mwanzo. Hapa pia sharti lilikuwa uchache: kila tukio liwakilishwe na nyuroni chache, la sivyo kumbukumbu zingeingiliana.

Mwaka 1971 alipata shahada ya uzamivu. Baadaye alifanya kazi katika maabara ya biolojia ya molekuli huko Cambridge, ambako walikuwepo Sydney Brenner na Francis Crick.

Kuhamia Marekani

Mwaka 1973 Marr alialikwa na Marvin Minsky na Seymour Papert kwenye maabara ya akili bandia ya MIT, huko Cambridge, Massachusetts, nchini Marekani. Alikwenda kama mgeni lakini akabaki huko. Mwaka 1977 aliingia katika idara ya saikolojia ya chuo hicho kama mwalimu, na mwaka 1980 alipandishwa kuwa profesa.

Kuhama kwake kuliendana na badiliko la mawazo. Marr alianza kuona kasoro katika kazi yake mwenyewe. Nadharia ya serebelamu ilieleza jinsi mtandao wa seli unavyoweza kuhifadhi mafunzo, lakini haikusema ni hesabu gani hasa inayohitajika ili mkono ufikie kitu. Mhandisi aliyetaka kuandika programu ya kuendesha mkono wa roboti asingepata msaada wa kutosha kutoka makala hiyo. Marr alikiri jambo hilo waziwazi katika kitabu chake cha mwisho.

Somo alilochagua sasa lilikuwa uwezo wa kuona. Alivutiwa pia na uchunguzi wa mwanasaikolojia Elizabeth Warrington wa London, aliyeonyesha kwamba baadhi ya wagonjwa walioumia ubongo waliweza kutambua umbo la kitu bila kujua jina lake wala matumizi yake. Marr aliona hapo ushahidi kwamba macho na ubongo huweza kupata umbo la vitu kutoka mwangaza peke yake, kabla ya maarifa mengine kuingia.

Kazi kuhusu uwezo wa kuona

Pamoja na Tomaso Poggio, Marr alichapisha mwaka 1976 utaratibu wa kihesabu unaoeleza namna ubongo unavyounganisha picha za macho mawili ili kujua umbali wa vitu. Mwaka 1978 yeye na Keith Nishihara walieleza namna maumbo ya vitu, kama vile mwili wa mtu au wa mnyama, yanavyoweza kuwakilishwa kwa mihimili na mapipa yaliyounganishwa. Mwaka 1980 yeye na Ellen Hildreth walitoa nadharia ya kutambua kingo za vitu katika picha, ambayo bado hufundishwa katika vyuo.

Katika kazi ya kingo kunaonekana tena faida ya kubakiza machache. Picha yenye nukta 1,000 kwa 1,000 ina thamani milioni moja za mwangaza. Nyingi kati ya hizo hazina jambo jipya, kwa kuwa nukta ya ukuta mweupe hufanana na jirani yake. Habari iko pale mwangaza unapobadilika ghafla. Utaratibu wa Marr na Hildreth hulainisha picha kwanza, kisha hutafuta mahali ambapo kipimo cha badiliko la mwangaza huvuka sifuri. Kinachobaki ni mistari michache inayobeba sehemu kubwa ya maana ya picha. Marr aliuita mchoro huo wa awali hatua ya kwanza ya kuona.

Viwango vitatu vya maelezo

Mchango wa Marr unaotajwa mara nyingi zaidi ni wazo kwamba mfumo wowote unaoshughulikia habari unapaswa kuelezwa katika viwango vitatu.

Kiwango cha kwanza ni lengo: mfumo unakokotoa nini, na kwa nini. Kiwango cha pili ni utaratibu: habari zinawakilishwaje, na hatua gani zinafuatwa. Kiwango cha tatu ni utekelezaji: kazi hiyo inafanywa na kitu gani, kwa mfano nyuroni au saketi za umeme.

Marr alitoa mfano wa mashine ya kuhesabia fedha dukani. Lengo lake ni kujumlisha bei za bidhaa. Utaratibu unaweza kuwa ule wa kujumlisha kuanzia mamoja, kisha makumi, na kubeba kinachozidi. Utekelezaji unaweza kuwa magurudumu yenye meno au vifaa vya kielektroniki. Anayejua magurudumu peke yake hajaelewa kwa nini mashine inajumlisha badala ya kuzidisha.

Kwa njia hiyo Marr aliweka nadharia yake ya ujanani mahali pake. Ilikuwa na nguvu kuhusu utaratibu na utekelezaji, lakini lengo lilikuwa halijaelezwa vya kutosha.

Ugonjwa na kifo

Katika majira ya baridi ya mwaka 1977–1978 Marr aligunduliwa kuwa na lukemia, aina ya saratani ya damu. Alikuwa na umri wa miaka 32. Kitabu alichokuwa amepanga kukiandika baadaye sana ilimbidi akianze mara moja. Akiwa katika matibabu aliendelea kufundisha, kuongoza wanafunzi na kuandika.

Mwaka 1979 alipewa tuzo ya Computers and Thought, inayotolewa kwa wanasayansi vijana wa akili bandia. Alifunga ndoa na Lucia Vaina, ambaye pia ni mwanasayansi wa ubongo.

Marr alifariki tarehe 17 Novemba 1980 huko Cambridge, Massachusetts. Mswada wa kitabu ulikuwa umefikia hatua ya kuweza kuchapishwa, nacho kilitoka mwaka 1982.

Yaliyothibitishwa na yaliyokosolewa

Nadharia ya serebelamu ilikuwa na utabiri uliowezekana kupimwa: sinapsi kati ya nyuzi sambamba na seli za Purkinje lazima zibadilike kwa mafunzo. Marr alidhani kwamba huongezeka nguvu. Mwaka 1971 mhandisi Mmarekani James Albus, aliyefikia nadharia inayofanana sana na ya Marr, alipendekeza kinyume chake, kwamba hupungua nguvu.

Mwaka 1982 Masao Ito na wenzake nchini Japani walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba uzi mpandaji na nyuzi sambamba zikisisimuliwa pamoja, sinapsi za nyuzi sambamba hudhoofika kwa muda mrefu. Kwa hiyo Marr alikuwa sahihi kuhusu mahali pa badiliko na sharti lake, lakini alikosea kuhusu mwelekeo. Kwa kuwa seli za Purkinje huzuia seli zinazozifuata, kudhoofika huko kunaweza kufungulia mwendo uliokuwa umezuiwa. Majaribio hayo yalitoka karibu miaka miwili baada ya Marr kufariki. Nadharia ya pamoja huitwa sasa nadharia ya Marr, Albus na Ito.

Sehemu ya uchache nayo imepata wakosoaji. Mwaka 2017 makundi kadhaa ya watafiti, wakitumia darubini zinazoonyesha shughuli za seli katika wanyama walio hai, waliona kwamba seli za punje zilizo hai kwa wakati mmoja zinaweza kuwa nyingi kuliko Marr alivyokadiria. Kiasi halisi cha uchache, na kama hubadilika kulingana na kazi, bado kinachunguzwa. Utafiti wa wadudu, kwa upande mwingine, umeonyesha mpangilio unaofanana na wa Marr: katika nzi wa matunda, harufu moja huamsha sehemu ndogo tu ya seli zinazohusika na kukumbuka harufu.

Sababu nyingine ya uchache imetokana na hesabu ya nishati. Ubongo wa binadamu una takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini hutumia kama asilimia 20 ya nishati ya mwili unapopumzika. Kila ishara ya nyuroni ina gharama. Mwaka 2003 Peter Lennie alikadiria kwamba katika gamba la ubongo nishati iliyopo haitoshi kuruhusu zaidi ya takriban asilimia 1 ya nyuroni kufanya kazi kwa nguvu kwa wakati mmoja.

Uchache katika mitandao ya neva bandia

Albus ndiye aliyeipeleka kanuni hii kwenye mashine mapema zaidi. Mwaka 1975 alichapisha mfumo uitwao CMAC wa kuongoza roboti, uliotokana na nadharia ya serebelamu. Katika mfumo huo kila hali ya roboti huamsha sehemu chache tu za jedwali kubwa la namba. Jibu ni jumla ya namba hizo chache, na kosa likitokea ni hizo tu zinazorekebishwa. Kwa kompyuta dhaifu za wakati ule, kutogusa jedwali lote kulikuwa faida kubwa.

Mitandao ya neva bandia ya leo haikutokana moja kwa moja na kazi ya Marr, lakini inakutana na jambo lilelile. Kila kipashio cha mtandao huzidisha namba zinazoingia kwa uzani wake, kisha hujumlisha. Kama vipashio 1,000 vinapeleka namba kwa vipashio vingine 1,000, kuna uzidishaji milioni moja. Lakini namba yoyote ikizidishwa kwa sifuri ni sifuri. Ikiwa ni namba 50 tu kati ya 1,000 zinazoingia ambazo si sifuri, uzidishaji wenye maana ni 50,000, sawa na sehemu moja ya ishirini.

Faida hiyo haipatikani bure, kwa kuwa kompyuta lazima itunze kumbukumbu ya mahali namba zisizo sifuri zilipo. Ni kama mwalimu wa darasa lenye wanafunzi 45. Wasiokuwepo wakiwa watatu, ni rahisi kuandika majina matatu kuliko kuweka alama 45. Wasiokuwepo wakiwa nusu ya darasa, orodha ya majina huwa kazi kubwa kuliko alama. Vivyo hivyo, sifuri zisipokuwa nyingi vya kutosha, kuziruka kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko kuzidisha zote.

Uchache hutafutwa kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni kuondoa miunganiko isiyohitajika baada ya mtandao kufunzwa. Mwaka 1989 Yann LeCun na wenzake walionyesha namna ya kuchagua miunganiko ya kuondoa bila kuharibu matokeo. Mwaka 2015 Song Han na wenzake walipunguza mtandao wa kutambua picha uitwao AlexNet kutoka uzani milioni 61 hadi milioni 6.7 bila kupoteza usahihi. Ya pili ni kuacha sehemu za mtandao zinyamaze kulingana na kinachoingia. Mwaka 2017 Noam Shazeer na wenzake walieleza mtandao uliogawanywa katika sehemu nyingi, ambapo kwa kila neno linaloingia ni sehemu chache tu zinazoitwa kufanya kazi. Njia hii ya pili ndiyo iliyo karibu zaidi na picha ya Marr: vipashio ni vingi, ila vinavyotumika kwa wakati mmoja ni vichache.

Ugumu uliobaki uko kwenye vifaa. Vichakato vingi hufanya kazi kwa kasi pale namba zinapofuatana kwa mpangilio, hivyo sifuri zilizotawanyika ovyo huenda zisilete nafuu. Kwa sababu hiyo kampuni ya Nvidia ilitoa mwaka 2020 kichakato kinachotambua mpangilio maalumu, ambamo namba mbili kati ya kila nne ni sifuri, ili hesabu hizo zifanyike hadi mara mbili ya kasi ya kawaida. Mfano huo unaonyesha maana ya viwango vitatu vya Marr: utaratibu mzuri huzaa matunda pale tu utekelezaji unapoukubali.

Kumbukumbu yake

Tangu mwaka 1987 mkutano wa kimataifa wa uwezo wa kuona wa kompyuta umekuwa ukitoa Tuzo ya Marr kwa makala bora. Chama cha sayansi ya utambuzi nacho kimetoa tuzo yenye jina lake kwa makala bora ya mwanafunzi. Mwaka 1991 makala zake za awali zilikusanywa katika kitabu kilichohaririwa na Lucia Vaina, na mwaka 2010 Vision kilichapishwa upya, kikiwa na dibaji ya aliyekuwa mwanafunzi wake Shimon Ullman na maneno ya mwisho ya Tomaso Poggio.

Kazi yake ya kisayansi ilidumu kama miaka kumi na miwili tu. Baadhi ya majibu yake yamerekebishwa, yakiwemo yale aliyoanza kuyatilia shaka yeye mwenyewe. Swali lake kuhusu seli za punje, la kwa nini ubongo uwe na seli nyingi hivyo ikiwa nyingi kati yake hukaa kimya, bado huongoza utafiti wa serebelamu.